SAFARI RALLY: TAZAMENI NYUMA YA GARI

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia hapa Naivasha, mabweni yetu hugeuka mabunge. Wa Toyota wanakaa huku, wa Hyundai kule, na wale wachache wa Ford wanakaa karibu na mlango, tayari kutoroka hoja zikiwazidi. Taa zikizimwa ubishi unaendelea gizani. Na ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba wote wanabishania kitu kimoja tu: injini. Eti hii ina nguvu farasi ngapi, ile inanguruma vipi, nani alipita Kedong akiwa na kasi gani. Mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Mimi sikubaliani nao, na ndiyo maana nimeuomba uhariri wa jarida letu unipe nafasi hii. Kwa maoni yangu, gari la rali likija Naivasha halishindi kwa injini. Linashinda kwa vitu viwili ambavyo sijawahi kusikia vikitajwa bwenini: shoki za nyuma na mpango wa kupoza joto. Nitaenda mbali zaidi niseme kwamba vitu hivi viwili, tukivichunguza sawasawa, ni kitu kimoja.

Ushahidi ninao, tena si wa mbali. Jumapili tarehe 27 Juni 2021, mwaka ambao Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka akiwa wa kwanza. Alikuwa amemwacha Takamoto Katsuta kwa sekunde 57.4, na kwa rali za siku hizi ambapo watu hutenganishwa na sekunde mbili tatu, hiyo ni kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani akavua viatu. Injini yake ilikuwa nzima. Magurudumu yalikuwa mazima. Basi akaingia Loldia, ng'ambo ya ziwa, na shoki ya nyuma ikafa. Mchezo ukaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota ndiye aliyechukua kombe, Katsuta akawa wa pili nyuma yake kwa sekunde 21.8. Sasa niambieni, enyi mashabiki wa nguvu farasi, farasi wa Neuville walikuwa wapi siku hiyo? Walikuwepo wote. Kilichokosekana ni mahali pa kusimamia.

Kwa nini nyuma? Swali hili nilimpelekea mzee mmoja fundi ambaye gereji yake iko chini ya mti, si mbali na steji ya matatu. Alikuwa amelala chini ya Probox na sauti yake ilitoka huko huko: "Kijana wangu, mbele kuna macho, nyuma hakuna." Nilidhani ananifumbia, kumbe ni fizikia tupu. Dereva hulielekeza gurudumu la mbele. Akiliona jiwe, hulikwepa. Gurudumu la nyuma halielekezwi na mtu, linafuata tu, tena kwenye kona halifuati hata ile njia ya mbele, kwa kuwa gari la rali hupiga kona likiteleza, mkia ukitupwa nje. Jiwe lililokwepwa na mbele linamsubiri nyuma. Ongeza na mawe ambayo magurudumu ya mbele yenyewe huyachimbua na kuyarusha chini ya tumbo la gari. Halafu ongeza mzigo: tangi la mafuta liko nyuma, na magurudumu ya akiba, ambayo katika Safari si anasa, nayo yamefungwa huko nyuma. Gari likiruka na kutua, mzigo huo wote hushuka juu ya shoki mbili.

Hapa sasa naomba wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu wafungue daftari za fizikia. Kazi ya springi na kazi ya shoki si moja, ijapokuwa watu wengi huzichanganya. Springi hubeba gari na kulirudisha juu. Ikiachwa peke yake ingelichezesha gari kama mpira wa miguu uliodondoshwa kwenye saruji. Shoki ndiyo huituliza springi: ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta mazito kupita kwenye vitundu vidogo. Mafuta yanakataa, yanalazimishwa, na katika kule kulazimishwa nguvu za mruko zinageuka kuwa joto. Haziendi kokote kwingine. Shoki, kwa lugha fupi, ni mashine ya kugeuza mashimo ya barabara kuwa joto.

Tupige hesabu. Gari la daraja la juu la mwaka 2022, lile liitwalo Rally1, lilitakiwa lisipungue kilo 1,260. Likianguka nusu mita tu, na huo ni mruko mdogo kwa hawa jamaa, nguvu zake ni 1,260 mara 10 mara 0.5, yaani jouli 6,300. Tuchukulie kwamba zote huishia kwenye shoki. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hapa kwetu kunahitaji jouli 310,000 hivi. Kwa hiyo miruko 50 ya nusu mita inatosha kuchemsha lita nzima ya maji ya chai! Na kipande cha Kedong pekee kiliwahi kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 30, na haihitaji mtu kuwa mtaalamu kujua kwamba katika kilomita 30 za Kedong kuna mabonde zaidi ya 50. Mafuta ya shoki yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi, hupita kwenye vile vitundu bila kukataa, na shoki inakuwa bomba tu lisilo na kazi. Gari linaanza kudunda. Likidunda, chuma kinagonga chuma. Yaliyobaki ni ya mwenye kombe mwingine.

Ndiyo maana shoki za magari haya zina vichupa vya pembeni vya kuongezea mafuta, pamoja na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo ili mafuta yasifanye povu. Hicho kichupa si urembo. Ni radieta ya shoki.

Nasema hivyo kwa sababu ndilo jambo lililonifanya niandike. Tunafikiri radieta ni ya injini tu. Lakini katika gari la rali kila kitu kinatafuta hewa ya kupumua: injini, turbo, breki, difu, shoki. Na hewa yenyewe Naivasha ni haba. Mji wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, kumaanisha kwamba feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inavuta hewa nyepesi zaidi na kubeba joto kidogo zaidi. Maji yenyewe yakiwa wazi huchemka hapa kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mwalimu wetu wa jikoni hulijua hilo kupitia maharagwe yasiyoiva. (Msinielewe vibaya, maharagwe ya shule yetu yana sababu zingine pia.) Mfuniko wa radieta hubana mvuke ili maji yasichemke mapema, ndiyo maana ukiufungua gari likiwa moto unatafuta hospitali. Madereva wa malori wanaopanda mteremko wa Mai Mahiu wanalijua somo hili bila daftari. Na Mai Mahiu yenyewe, kwa wale wasiojua Kikuyu, maana yake ni maji moto.

Kisha kuna vumbi. Wageni waliofika na rali walituletea jina lake, fesh-fesh, lakini vumbi lenyewe ni letu tangu volkeno za Longonot na jirani zake zilipomwaga majivu. Ni laini kama unga wa ugali wa daraja la kwanza. Juu linaonekana ardhi ngumu, ukikanyaga unazama. Mwaka huo huo wa 2021 Kalle Rovanperä alikuwa anaongoza siku ya Ijumaa, akaingia Kedong, akakwama humo humo kwenye vumbi. Tazameni ujanja wa kitu hiki: gari likizama, mwendo unapungua, na upepo wa kupoza radieta unapungua pamoja nao. Lakini injini wakati huo ndiyo inafanya kazi kubwa kuliko zote. Na vumbi lenyewe linaziba nyavu za radieta na kichujio cha hewa. Joto linaongezeka, tundu la kupumulia linafinywa. Ukitaka kuunda mtego wa gari huwezi kuunda bora kuliko huo.

Mhandisi afanye nini basi? Hapa ndipo ubishi wa bwenini ungekuwa mtamu kama tungeuanza. Ukifungua mdomo mkubwa mbele ya gari, hewa inaingia ya kutosha, lakini mawe na nyasi na matope yanaingia pia, na upepo unalishika gari lisikimbie. Ukiufanya mdogo, gari linakata upepo vizuri na kuchemka vizuri. Hata matajiri wa Formula 1 wamewahi kunaswa na fumbo la aina hii. Mwaka 2022 Mercedes walileta gari lililobanwa mbavu hadi likakaribia kutokuwa nazo, radieta zikasukumwa ndani ili upepo upite pembeni. Lilivutia kwa macho, likasumbua barabarani, na kufikia Monaco mwezi Mei 2023 walikuwa wamerudi kwenye mbavu pana kama za wenzao. Tofauti ni kwamba wao hubishana na upepo tu. Sisi huku tuna upepo, jiwe, vumbi, mto na pundamilia.

Katika Rally1 fumbo hilo lilihamia nyuma kabisa. Kuanzia 2022 hadi 2024 magari haya yalikuwa ya haibridi: mota ya umeme ya kilowati 100 na betri yake, jumla zaidi ya kilo 80, vyote vikawekwa nyuma. Betri nayo hupata joto, hivyo wakatoboa matundu makubwa ubavuni juu ya magurudumu ya nyuma ili hewa iingie. Fikirieni mahali hapo! Ni pale pale ambapo gurudumu linarusha vumbi. Na uzito ule ule ni mzigo mpya juu ya shoki zile zile za nyuma nilizozitaja. Mwanzoni mwa 2025 mfumo huo uliondolewa. Wengi waliulilia kwa ajili ya kasi. Mimi, kwa upande wa Naivasha, niliona gari limetuliwa gunia mgongoni.

Sasa niingie kwenye chuma chenyewe, na mnivumilie kidogo. GR Yaris ile inayouzwa dukani, gurudumu lake la nyuma hushikwa na mikono miwili, mmoja juu, mwingine chini, na shoki ina kazi yake peke yake. Ni mpango wa kifahari, gurudumu linakanyaga lami sawasawa. Lakini Yaris iliyoshinda hapa haikuwa hivyo. Yaris ya Rally1 ina nguzo za MacPherson pande zote nne, mbele na nyuma, yaani shoki na springi ni nguzo moja nene ambayo pia ndiyo inalisimamisha gurudumu. Mtu wa vitabu angeshangaa: mbona wameacha mpango bora wakachukua ule wa gari la bei ya kawaida? Jibu liko barabarani. Nguzo hiyo hulipa gurudumu safari ndefu ya kupanda na kushuka, ina vipande vichache, na mafundi wanaifungua na kurudisha nyingine kwa dakika chache tu. Hasara yake ni ile iliyomkuta Neuville: kwa kuwa kifaa kimoja kinafanya kazi mbili, kikifa huna shoki na huna gurudumu lililosimama.

Wazee wetu walikuwa na majibu yao. Peugeot 504 iliyoshinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na mkono wake na springi ndefu laini. Lilikuwa gari la kumeza mashimo. Lakini ile 504 iliyobeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi kwa miaka mingi, ile ndefu, ilikuwa na ekseli moja nzima nyuma, na pikapu yake ikawekewa springi za vyuma bapa, tabaka juu ya tabaka. Kampuni moja, jina moja, na migongo mitatu tofauti! Mjomba wangu hushusha kabichi kutoka Kinangop kwa pikapu ya namna hiyo hadi leo. Ukimwambia abadilishe springi zake ziwe laini kama za gari la rali atakuuliza kama wewe ndiye utakayebeba kabichi kichwani.

Na kabla hamjasema kwamba hadithi ya nyuma kuvunjika ilianza na Hyundai, mkumbuke 1974. Björn Waldegård alikuwa anaongoza Safari kwa Porsche 911, gari ambalo injini yake yenyewe imekaa nyuma. Mkono wa saspensheni ya nyuma ukavunjika. Joginder Singh, Mkenya, akampita na Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6 na kuchukua ushindi. Ni miaka 47 kati ya Porsche ile na Hyundai ya Neuville, kompyuta zimeenea hapo katikati, na bado jiwe la Kenya linalenga mahali pale pale.

Kuna jambo linaloniudhi, na nitalisema wazi. Kanuni za Rally1 ziliweka kikomo cha milimita 270 kwa safari ya gurudumu kupanda na kushuka. Kikomo hicho kinafanana kwa Safari na kwa rali za lami za Ulaya. Nia ilikuwa kupunguza gharama, naelewa. Lakini kulinyima gari mwendo wa springi na kisha kulileta Sleeping Warrior ni kama kumvalisha mtu ndara na kumpeleka Longonot mguu mosi mguu pili. Zamani timu zilikuwa zikiunda gari maalumu la Safari, lenye vyuma mbele na bomba la kuvutia hewa likipanda hadi paani. Bomba limerudi, na mwaka 2024 rali ilipohamishiwa Machi lilikuwa na maana kwa sababu ya matope na maji. Basi kama kanuni zimekubali pua ndefu kwa ajili ya Kenya, mbona zisikubali miguu mirefu? Naomba wakuu wa mchezo huu walifikirie. Wasiponisoma humu, basi angalau nimesema.

Wapo watakaonijibu kwamba Toyota ilishinda hapa mfululizo kuanzia 2021 hadi 2025 kwa kuwa ina injini bora. Mimi nawaomba watazame ilivyoshinda. Mwaka 2022 ilichukua nafasi nne za kwanza zote, Rovanperä, Evans, Katsuta na Ogier. Magari manne yalifika mwisho. Kufika ndiko kulikokuwa ushindi wenyewe. Mwaka 2023 mlango wa nyuma wa gari la Ogier uling'oka pamoja na bawa lake, vumbi likaingia hadi ndani, na bado akashinda kwa sekunde 6.7. Ona pia Wakenya wetu wa 2021: Onkar Rai wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa, wakiwa na magari ya daraja la chini yenye nguvu ndogo kuliko yale makubwa. Wenye farasi wengi walikuwa wamebaki vichakani.

Ombi langu sasa ni kwa walimu wetu wapendwa, hasa wa fizikia. Dunia nzima huja kufanya majaribio ya joto na chuma mlangoni petu. Mwaka 2021 kambi ya mafundi ilikuwa hapa hapa mjini, katika taasisi ya mafunzo ya wanyamapori. Sisi tulifanya nini? Tulisimama kando ya barabara tukala vumbi na kupiga kelele. Nami nilipiga, siwezi kukana, kelele za rali ni tamu. Lakini tukitoka hapo tunarudi darasani kusoma kuhusu mtungi wa maji na kipimajoto kwa mifano ya vitabuni, huku mfano wenyewe umepita ukituachia vumbi kwenye sare. Klabu ya sayansi iandike barua mapema, iombe wanafunzi ishirini tu waruhusiwe kuona fundi akibadilisha nguzo ya nyuma. Ishirini si wengi. Na kama barua haitajibiwa, tusikae kununa.

Yule mzee wa gereji chini ya mti amekubali kutupatia shoki mbili za nyuma zilizokufa, moja ya matatu na moja ya pikapu, bila malipo, mradi tuzirudishe vyuma vyake baada ya kuzikata. Anataka tuone vile vitundu kwa macho yetu. Tunahitaji msumeno wa chuma, beseni la kumwagia mafuta, meza moja ya maabara Jumamosi asubuhi, na mwalimu mmoja wa kutusimamia. Majina kumi na manne tayari yako kwenye orodha, na ndugu zetu wa Ford wamejiandikisha wote.